Bima ya afya kwanza, tiketi baadaye

Mhariri,

Wanaostaafu na kuhamia nje hushughulikia nyumba na pensheni, bima ya afya wakaiacha hadi dakika za mwisho. Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, kwa kawaida hailipii matibabu nje ya nchi hiyo. Tena anayeacha kuchangia Sehemu B ya Medicare (inayolipia huduma za madaktari) kisha akarudi, mara nyingi hutozwa nyongeza ya asilimia 10 kwa kila miezi 12 aliyokosa, na nyongeza hiyo haiishi. Mstaafu wa Uingereza mwenye pensheni ya serikali akihamia Ufaransa ana nafuu ya fomu ya S1, inayomwezesha kutibiwa huko kwa gharama ya Uingereza. Wengine hubaki na kampuni binafsi, na hapo ndipo penye kazi: ada hupanda na umri, maradhi ya zamani mara nyingi hayalipiwi. Masharti yasomwe kabla ya kuuza nyumba, jamani!

Msomaji wenu,
Mstaafu mtarajiwa