Taarifa ya Mwenyekiti: Mwaka Wetu na Gong Li

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati ya klabu yetu ya filamu iliona tuache kurukaruka kati ya filamu hii na ile. Tukamshika mwigizaji mmoja, Gong Li wa China, tukamfuata toka alipoanza. Wapo mlionung'unika kwamba kusoma tafsiri chini ya picha kunachosha. Nawashukuru kwa kuvumilia.

Tulianza na Red Sorghum, filamu yake ya kwanza, aliyoicheza akiwa bado mwanafunzi wa chuo cha maigizo Beijing. Mwaka 1988 ilitwaa Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin. Ikafuata Raise the Red Lantern ya 1991. Mnakumbuka inavyofunguka: uso wake tu umejaa kwenye skrini, anamjibu mama yake kwamba amekubali kuolewa na tajiri. Sauti imetulia, huku machozi yakiteremka mashavuni. Ukumbi mzima ulinyamaza.

Lakini kwangu mimi mwaka wetu ulikuwa The Story of Qiu Ju. Humo Gong Li ni mke wa mkulima, mjamzito, kajitanda mtandio kichwani, anajikokota ndani ya koti zito. Mumewe amepigwa teke na mkuu wa kijiji. Pesa anazotupiwa mke huyu hazitaki. Anataka aliyekosa akiri kosa. Basi wanauza pilipili wapate nauli, naye anapeleka shauri lake ofisi moja hadi nyingine. Sehemu kubwa ilipigwa kwa kamera zilizofichwa, katikati ya watu wa kawaida, naye akisema lahaja ya Shaanxi. Urembo uliompa jina aliufunika wote, na hapo ndipo nilipoona ukubwa wake. Tamasha la filamu la Venice mwaka 1992 lilimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kike, na filamu ikaondoka na Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya huko.

Farewell My Concubine, iliyoshinda tamasha la filamu la Cannes 1993, tuliitazama kwa mikao miwili kwa sababu ya urefu wake. Za Hollywood tulizipitia haraka. Naamini hazikumpa nafasi anayostahili. Heshima yake haikupungua hata hivyo: aliongoza jopo la majaji Berlin mwaka 2000 na Venice mwaka 2002.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza mwigizaji Maggie Cheung wa Hong Kong, mshindi wa tuzo ya mwigizaji bora wa kike Berlin 1992 na Cannes 2004. Tutapiga kura leo, baada ya mhazini kusoma hesabu.