Kibaba Kirudi Jikoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie chakula tunachokitupa majumbani. Lawama zimezoeleka kuelekezwa kwa wenye hoteli na maduka, ilhali ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) ya mwaka 2024 ilionyesha kuwa, katika tani bilioni 1.05 za chakula zilizotupwa na maduka, hoteli na kaya duniani mwaka 2022, asilimia 60 zilitoka katika kaya. Wala si kaya za matajiri pekee, kwani ripoti hiyo iliona kuwa tofauti kati ya nchi tajiri na zile za kipato cha kati ni wastani wa kilo 7 tu kwa mtu kwa mwaka.

Hapa Dar es Salaam, kwa ninavyoona mimi, kosa huanzia kwenye kipimo. Mama zetu walipima mchele kwa kibaba na walijua kibaba kimoja kinashibisha watu wangapi. Sisi tunakadiria kwa macho, kisha kwa hofu ya mgeni ambaye pengine hatafika tunaongeza vikombe viwili. Usiku sufuria hubaki mezani, na asubuhi wali umechacha. Nakipenda kiporo kwa chai kuliko mkate, lakini wali uliolala kwenye joto letu unaweza kuwa na sumu isiyoondoka hata ukipashwa moto, hivyo unapaswa kuingia kwenye friji ndani ya saa mbili baada ya kupikwa. Asiye na friji hana budi kupika kidogo.

Tukumbuke pia kwamba maharage yanapomwagwa, mkaa uliochemshia umepotea pamoja nayo, na yakifika dampo la Pugu Kinyamwezi huoza chini ya lundo bila hewa na kutoa methani, gesi inayochangia joto la dunia. Wenzetu wa Tabora na Shinyanga hukausha viazi vitamu vikawa michembe na matobolwa. Sisi tunanunua nyanya nyingi kwa kuwa ni bei chee, na nusu yake huozea kapuni.

Nyumbani kwangu tumerudisha kipimo, japo ni kopo tu la maziwa ya unga: kopo moja na nusu kwa watu watano, na mgeni hujipakulia mwenyewe. Sufuria sasa hulala tupu. Kuku wa jirani, waliozoea wali wetu, bado huja mlangoni kila asubuhi.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam