Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wakulima wa Chai, Mufindi

Ndugu wanachama, nawasalimu.

Shughuli za kawaida mnazifahamu. Kamati ilikaa mara tatu, tulizika wenzetu wanne na kila familia ilipata rambirambi yake, na mchango wa madawati ulifika shuleni. Kitabu cha mweka hazina kiko wazi kwa yeyote.

Hali ya mji mnaiona. Zamani mwisho wa mwezi ilikuwa shida hata kupita stendi. Tangu kiwanda cha chai kizime mashine, vyumba vya kupanga vina makufuli, mama lishe wamebaki wawili, na bodaboda wamehamia Mafinga. Wapo wanaosema mji umeuliwa na uvivu wa wakulima. Nakataa kabisa. Chai si mahindi, useme utaweka ghalani usubiri bei. Majani yakichumwa yanatakiwa kiwandani siku hiyo hiyo. Mnada wa chai ulianza Dar es Salaam mwaka 2023 na wengi tulifurahi, ila kule inauzwa chai iliyokwisha kusindikwa. Bila kiwanda hatuna cha kupeleka, na michai isiyochumwa inarefuka tu mpaka shamba linageuka pori.

Sasa suala la gari. Nimesikia yanayosemwa kwenye kilabu cha ulanzi, kwamba mwenyekiti kauza gari la chama. Gari limeuzwa na kamati, kwa muhtasari wenye sahihi saba, baada ya mkutano mkuu kukosa akidi mara mbili. Katiba inataka wanachama 72. Mara ya kwanza mlikuja 29, mara ya pili 24. Nani alitakiwa kuamua?

Tena hatukukurupuka. Mwezi Machi tulijaribu kupeleka majani kiwanda cha mbali. Mvua ilikuwa kubwa, gari likanasa kwenye tope, tukafika usiku. Nilizamisha mkono ndani ya gunia nikakuta joto kama la uji, na majani ya katikati yameshaiva, mekundu. Mpokeaji alikataa mzigo wote. Mafuta tulilipa, dereva na utingo tukawalipa, na wachumaji nao walikuwa wanadai chao. Baada ya hapo gari lilikaa uani likila bima, matairi na mshahara wa mlinzi.

Mnunuzi wa kwanza alitaja milioni 11. Nilikataa, nikazunguka kwa nauli yangu Mafinga na Makambako hadi likauzwa milioni 14.5. Anayedai lingefika milioni 20 hakuniletea mteja hata mmoja. Madeni ya wachumaji, dereva na gereji yalichukua milioni 6.3, miche 1,200 ya parachichi aina ya Hass milioni 4.8, na milioni 3.4 ziko benki. Miche ni ya kubebesha, yaani kikonyo cha mti bora kimeunganishwa juu ya mche mwingine, na ikitunzwa vizuri inaanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi. Ifunikeni nyasi, maana baridi ya Juni na Julai huku kwetu haina huruma na mche mchanga.

Kuhusu ada inaniuma sana. Kati ya wanachama 143 waliolipa ni 51 tu, jumla shilingi 1,020,000. Ambao hawajalipa wanadaiwa jumla shilingi 1,840,000. Najua fedha imekuwa ngumu, lakini wapo wajane wasio na mshahara wowote waliolipa Januari, huku wenye maduka wakinikwepa barabarani. Na wanaopiga kelele kuhusu gari, wengi majina yao hayamo kwenye daftari la ada.

Mwakani, Mungu akipenda, tutaandika tena wilayani na Bodi ya Chai kuhusu kiwanda, na tutaangalia uwezekano wa mashine ndogo ya kusindika chai yetu wenyewe. Mazungumzo yapo.

Miche inagawiwa Jumamosi saa tatu asubuhi, ofisini. Wataanza waliolipa ada.

Wenu katika ujenzi wa chama,
Mwenyekiti