Njia za faili zisipangwe kama majina ya watu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na waandishi wa programu. Programu nyingi hupanga njia za faili (anwani zinazoonyesha faili liko folda gani) herufi kwa herufi, kama orodha ya majina ya watu, kisha mtumiaji anakuta folda imetenganishwa na vilivyomo ndani yake.

Chukua mistari mitatu: picha, picha/safari na picha-zamani. Katika ASCII, orodha inayoipa kila herufi na alama namba yake, kistari (-) ni 45 na mkwaju (/) ni 47, hivyo picha-zamani inajipenyeza kati ya folda na faili lake. Dawa yake ni kuikata njia kwenye kila mkwaju na kulinganisha kipande kwa kipande. Vipande vya upande mmoja vikiisha bila tofauti kuonekana, njia fupi itangulie.

Kazi iko kwenye namba. Sote tunataka 2 ije kabla ya 10, basi wengi huandika hivi: vipande vyote viwili vikiwa namba, tumia hesabu, la sivyo, tumia herufi. Hebu jaribu 2, 10 na 1a. Kwa hesabu, 2 inatangulia 10. Kwa herufi, 10 inatangulia 1a, na 1a inatangulia 2. Umeshazunguka! Lugha ya programu ya Java, tangu toleo la 7, huweza kugoma katikati ya kazi ikidai kanuni ya ulinganishaji imevunjwa, lakini si kila mara, ndiyo maana kosa hupenya majaribio likaibukia kwa mteja. Afadhali hiyo inayogoma kuliko lugha zinazonyamaza na kutoa mpangilio mbovu.

Kila kipande kikatwe tena, tarakimu mbali na herufi mbali, na tarakimu zikikutana na herufi, tarakimu zitangulie daima. Hapo utapata 1a, 2, 10. Kwa kuwa 2 na 02 zitatoka sare, zilinganishe mara ya mwisho jinsi zilivyoandikwa. Usipate jibu kwa kutoa namba moja kwenye nyingine: tofauti isipoenea kwenye biti 32, nafasi ambayo namba huhifadhiwa mara nyingi, chanya hugeuka hasi au hasi ikawa chanya.

Ukataji wenyewe ufanywe mara moja, kabla ya kupanga. Njia 100,000 zilizochanganyika huhitaji ulinganisho kama milioni 1.5, na kila ulinganisho ungekata njia mbili upya.

Asiyejali namba ana njia ya mkato: abadilishe kila mkwaju kuwa baiti 0, alama yenye namba ndogo kuliko zote, ambayo mifumo ya kompyuta ya Unix hairuhusu kwenye jina la faili, kisha apange kwa baiti.

Mwandishi wa programu