Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Usalama wa Watoto Katika Vikundi Vyetu

Ndugu wanachama, wazazi, walezi, nanyi vijana mnaojitolea, karibuni. Mliotoka Tukuyu na Mbalizi, poleni na safari. Sisi wa Uyole na Iyunga tumeanzia karibu, lakini baridi ni ya wote.

Mambo ya fedha atayasoma mhazini, na ya vifaa yamo katika taarifa ya katibu. Vikundi vya mpira, kwaya na ngoma vimeendelea mwaka mzima, na vijana wanaosubiri ajira baada ya chuo wamejitokeza kutufundishia watoto bila malipo. Nawashukuru kwa dhati. Muda wangu uliobaki nauweka kwenye usalama wa watoto hao.

Mwaka huu tumeanza kumtaka kila anayejitolea alete barua ya serikali ya mtaa na wadhamini wawili, kisha akae kipindi cha kuangaliwa kabla ya kukabidhiwa kikundi. Baadhi yenu mlikwazika, mkasema mnajulikana hapa mtaani. Ni kweli mnajulikana. Hata mimi najulikana, na barua yangu ndiyo ya kwanza kwenye faili. Mtu mwenye nia ya kumdhuru mtoto mara nyingi haji kwa ukali. Huja na viatu vya mpira, humlipia mtoto nauli, humsifu mbele ya mama yake, na siku akisema atamrudisha mwenyewe jioni, nyumba nzima inamshukuru. Kumjua mtu sura na ukoo hakumzuii huyo. Kinachomzuia ni utaratibu usiomruhusu mtu mzima yeyote kubaki na mtoto peke yao mahali wasipoonekana.

Ndiyo maana mazoezi sasa yanafungwa saa kumi na moja na nusu jioni, watoto wafike nyumbani kabla ya giza. Ujumbe wa simu unakwenda kwa mzazi, si kwa mtoto faraghani. Kocha hampakii mtoto kwenye pikipiki yake wakiwa wawili tu. Safari ya Ziwa Ngozi ilitufundisha zaidi: njia ya msituni ni nyembamba, wenye kasi wanatangulia, na mtoto aliyechoka anaweza kujikuta nyuma na mtu mmoja. Sasa viongozi wawili wanafunga msafara, na hakuna mtoto anayeachwa nyuma yao.

Zito kuliko yote ni tabia ya kuyamaliza nyumbani mtoto anapofanyiwa ukatili. Bado kuna familia zinazoitisha kikao, zikakubaliana ng'ombe au fedha, na mtoto akaambiwa anyamaze asije akaharibu jina la ukoo. Inaniuma sana. Chama hiki hakitakaa kwenye kikao cha namna hiyo, wala kamati yetu ya nidhamu haitachunguza kosa la jinai. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na inamtaka mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Nendeni kwa afisa ustawi wa jamii, nendeni Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au pigeni 116, ni bure. Mtoto aliyebakwa au kulawitiwa awahishwe hospitali, kwa sababu dawa za kukinga maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Nguo zake zisifuliwe. Akikusimulia, msikilize, usimhoji kama mpelelezi, na usimwahidi kwamba itabaki siri yenu wawili.

Wazazi wa wavulana, nawasikia mkisema wa kiume hana la kuogopa. Utafiti wa kitaifa wa 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18, na kwa wavulana ni 1 kati ya 7. Timu zetu nyingi ni za wavulana. Ulizeni watoto wenu maswali yale yale mnayowauliza dada zao.

Rasimu ya kuyaingiza haya yote kwenye katiba mnayo mikononi. Naomba tuisome kifungu kwa kifungu kabla ya chakula, na watoto wakubwa waliokaa nyuma wapewe nafasi ya kusema kwanza, ndipo tupige kura.