Njia ya maiti ya Swaledale

Reeth, Swaledale

Mwanangu Upendo,

Siku ile ulipoulizwa kwao baba yako ni wapi ukajibu "hana kwao", nilinyamaza kwa sababu sikuwa na jibu. Sasa ninalo.

Juzi na jana tumetembea kwa miguu, mimi na baba yako, kutoka Keld hadi Grinton, kaskazini mwa Uingereza. Ndiyo njia ya maiti ya bonde la Swaledale, kiasi cha maili 16 kufuata mto Swale. Zamani huku juu hakukuwa na makaburi yaliyowekwa wakfu, hivyo aliyefariki alibebwa na majirani katika jeneza la fito za kusuka, siku mbili nzima, mpaka kanisa la Grinton. Ilikuwa hivyo hadi 1580, Muker ilipopata kanisa lake. Kando ya daraja la Ivelet lipo jiwe bapa walipotua jeneza ili wapumzike. Niliweka kiganja juu yake. Mimi ni mtoto wa Marangu, Kilimanjaro, babu yangu amelala mgombani, hatua chache kutoka mlangoni. Nilishindwa kuondoka pale upesi.

Ukoo wenu ni wa Gunnerside, wachimbaji wa madini ya risasi. Nyuma ya kijiji kuna korongo, na ukilipanda unaona mlima ulivyochanwa. Walikuwa wakijenga bwawa la udongo huko juu, likijaa wanalibomoa kwa ghafla, maji yashuke yakikomba ardhi mpaka mwamba wenye madini uonekane. Yale makovu hayajapona hadi leo. Halafu miaka ya 1880 risasi rahisi ya kutoka nje, hasa Hispania, iliangusha bei. Migodi ikafungwa, watu wakahama: Lancashire kwenye viwanda vya pamba, Durham kwenye makaa ya mawe, wengine Marekani. Babu zako walikwenda Durham. Kwao walikuwa napo, mwanangu. Njaa ndiyo iliyowaondoa.

Waliobaki wanafuga kondoo wenye uso mweusi na pua nyeupe, na kuta za mawe matupu, bila udongo wala saruji, zinapanda hadi kileleni. Mzee mmoja alituhesabia kondoo wake kwa hesabu ya wachungaji wa kale: yan, tan, tether, mether, pip. Baba yako alizirudia njia nzima. Miaka yote tuliyokaa pamoja sijapata kumsikia akiongea kwa sauti ile.

Uje Juni, wakati maua yamejaa kwenye mashamba ya majani ya Muker, maana Julai wanafyeka kwa ajili ya mifugo.

Kaburi la babu zako wa kabla ya kuhama hatukulipata. Tulizunguka ua wote wa kanisa la Grinton, tukasoma kila jiwe lililosomeka, na sehemu kubwa ni nyasi tu. Mwambie bibi yako nilisimama pale nikatamani jani la sale, lile la heshima kwetu Uchagani.

Mama yako