Sinema ilipigwa kwetu, tukaiona kwa wizi

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita gazeti lako lilitoa malalamiko ya mtayarishaji mmoja wa filamu wa Dar es Salaam, kwamba sisi wa mikoani hatuzithamini sinema za nyumbani, tunakimbilia za Wakorea na Waturuki. Nilimsoma nikiwa kibandani kwangu hapa Mwanjelwa, kompyuta ikihamisha muvi kwenda kwenye flashi ya konda wa basi, nikacheka peke yangu hadi konda akaniuliza kulikoni. Naomba nafasi nimjibu.

Kwanza kazi yangu, maana nikiificha haya mengine hayataeleweka. Naweka muvi. Mteja analeta flashi au memori kadi, anachagua, namjazia, ananilipa. Sheria ya hakimiliki naijua inasemaje, ndiyo sababu nakuomba jina langu ulihifadhi. Ila sikuanza hivi.

Enzi za sidi nilikuwa muuzaji halali. Msambazaji wa Kariakoo alikuwa anainunua filamu nzima kwa mtayarishaji kwa mkupuo, anachapa nakala, anafunga boksi. Boksi likipanda basi Ubungo alfajiri, jioni ninalo. Ndani yake mna sidi, na juu ya sidi mna posta tano sita zimekunjwa. Zile posta ndizo zilikuwa tangazo letu. Nilikuwa nazibandika mlangoni kabla hata sijafungua boksi lenyewe, na watoto wa shule wakipita jioni wanaenda kuwahadithia mama zao nani kavaa nini na nani kashika bastola. Hadithi moja ilikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza na ya pili, kila kipande na bei yake, na cha kwanza kiliishia pale ambapo usingizi hauji mpaka ununue cha pili. Mwigizaji Steven Kanumba alipofariki, Aprili 7, 2012, rafu ya filamu zake kwangu ilibaki tupu kwa siku mbili, na watu waliendelea kuja kuulizia.

Mwaka 2013 zikaja stempu za kodi za TRA, mamlaka ya mapato, kwenye sidi, ili halali ijulikane na feki. Feki hazikukoma. Kisha simu za kugusa zikashuka bei, deki za DVD zikageuka kuwa meza za kuwekea televisheni, na boksi likaacha kuja. Msambazaji yule hakuwa malaika, watayarishaji walimlalamikia sana kwa malipo kiduchu, lakini Mwanjelwa alikuwa anaijua iko wapi. Tangu boksi likome, hakuna aliyekuja kuniambia sasa filamu inafikaje Mbeya.

Siku hizi filamu inazinduliwa Dar es Salaam, zulia jekundu, suti, picha zinajaa Instagram. Baada ya hapo inaingia kwenye kingʼamuzi cha kulipia, au kwenye programu ya simu, au YouTube. Sina ugomvi na hata kimoja. Ila mteja wangu wa Mbalizi ana bando la siku, MB mia tano, na zinagawanywa kati ya WhatsApp, mpira na mtoto. Saa nzima na nusu ya sinema hawezi kuimaliza humo.

Nadhani wenzetu wameiga jambo nusu. Mwaka 1975 kule Marekani Jaws, filamu ya samaki papa ya Steven Spielberg, ilifunguliwa siku moja kwenye kumbi zaidi ya mia nne, huku televisheni zikiwa zimemwagiwa matangazo, na tangu hapo ndiyo mtindo wao: kelele kubwa kwa wiki moja, milango mingi imefunguliwa kwa pamoja. Sisi tumechukua kelele, milango hatuna. Mtu wa Makambako anasikia kelele wiki nzima, akitoka kwenda kuitafuta hiyo sinema hakuna mlango wa kuingilia isipokuwa wangu.

Nirudi kwa konda wangu. Anakuja kila wiki. Safari iliyopita alisema, "Niwekee za kutosha safari ya saa kumi na mbili. Zisiwe na mabusu, juzi nilibeba mchungaji na mama mchungaji siti ya mbele, nimezima mara tatu." Hebu fikiri, Mhariri. Basi moja lina watu zaidi ya hamsini, wamekaa, hawana pa kwenda, skrini iko mbele yao kutoka Uyole mpaka Dar es Salaam, na hakuna anayeiacha isipokuwa pale kwenye mlima wa Kitonga ambapo kila mtu anashika siti na kuomba dua. Kwa wiki ni mabasi mangapi? Kati ya abiria hao wengi ndio haohao mtayarishaji anaowatafuta: mama anayepeleka mchele wa Kyela, kijana anayerudi chuo, mfanyabiashara wa mbao kutoka Mafinga. Wanaonyeshwa sinema ya Hong Kong ya zamani kwa sababu konda alipata hiyo. Mwenye sinema mpya ya nyumbani angempa konda flashi bure, robo saa ya mwanzo tu, ikakatika pale patamu, na namba ya kulipia ikabaki kwenye skrini, sidhani kama angelala njaa. Nimewahi kuona abiria anagoma kushuka Igawa mpaka ajue muuaji ni nani.

Sasa kisa kinachoniuma. Miaka michache iliyopita kundi la wapiga picha lilikuja kijijini kwa bibi yangu upande wa mama, huko Rungwe, kwenye migomba na chai. Walikaa siku tisa. Uani kwa bibi ndiko kulikuwa nyumbani kwa mhusika mkuu. Aliwapikia ndizi za mbalaga, akawachinjia jogoo, akaambiwa akae apepete mahindi wakati kamera inapita. Kijiji kizima kilisimama kandokando kama harusi. Walipoondoka wakasema, "Bibi, ikitoka mtaiona."

Ilitoka. Ilizinduliwa Dar es Salaam, nikaona picha kwenye simu. Baadaye ikawekwa kwenye programu moja inayotaka kadi ya benki. Nilijaribu kulipia, nasema kweli, mara tatu, na mara tatu ikanikatalia. Bibi kila nikienda anauliza, "Mjukuu wangu, ile sinema yetu bado tu?" Mwisho akatokea kijana kutoka Tunduma na memori kadi, nikaikuta humo katikati ya sizoni za Kituruki. Nikaazima projekta, nikanunua mafuta ya jenereta, tukatundika shuka jeupe darasani. Watu walijaa, wengine madirishani. Nilitoza mia tano kwa mkubwa, watoto bure.

Bibi alijiona kwa sekunde kama nne. Kamera ilikuwa imeshuka chini, inaonyesha ungo na mikono inapepeta. Watu wote walijua ni yeye kwa bangili ya shaba, wakapiga vigelegele mpaka maneno ya waigizaji hayakusikika. Yeye akanigeukia gizani, "Mbona wamenikata kichwa?"

Ukitoa mafuta, ile jioni niliondoka na elfu arobaini na kitu. Mwenye filamu hakupata hata shilingi. Ningemtumia wapi? Mwisho wa picha kuna majina ya kila mtu mpaka dereva, hakuna namba ya kulipia.

Hapo ndipo ninapotaka mtayarishaji wetu aangalie. Wanaoangalia sinema za nyumbani wapo, ila wana mahali pao na majira yao. Huku kwetu mvua ni Novemba mpaka Aprili, na Februari mfuko ni mtupu, watu wamemaliza mbolea na ada. Ndiyo miezi mingi ninayoona filamu zikizinduliwa, sijui nani anawashauri. Subirini mpunga wa Kyela uvunwe, kahawa ya Mbozi ianze kuuzwa, muone watu wanavyonunua hata wasichohitaji. (Ila mkija Julai msilete sinema ya uwanjani saa mbili usiku Mbeya wala Njombe. Baridi ile itawaua waigizaji na watazamaji pamoja. Ingieni vibandani.) Na vibanda umiza, vile vya kuonyeshea mpira kwa kiingilio, tunavyo kila kitongoji. Wenyewe wamezoea kulipia kingʼamuzi kwa ajili ya mpira, wanajua kutoza mlangoni. Siku ambazo hakuna mechi wamekaa bure. Wapewe sinema kwa wiki moja kwa bei inayojulikana, halmashauri inawajua, Bodi ya Filamu inawajua.

Tangazo nalo lije kwa njia ya huku. Redio za hapa zinasikilizwa shambani kutwa. Siku ya gulio gari la matangazo likizunguka mara mbili, kijiji kizima kimejua. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza walizungusha sinema kwa lori Tanganyika hii, na nia yao ilikuwa yao wenyewe, lakini walifunga safari. ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, imepeleka sinema mpaka vijiji vya Unguja na Pemba. Barabara ya lami inapita hapa mlangoni kwangu.

Kuhusu sisi wenye flashi, nitamwambia wazi. Nakala ninayouza leo ni mbovu, sauti inakwaruza, kuna mahali kichwa cha mtu kinapita mbele ya picha. Mteja ananinunia mimi. Nipe faili safi, nipe lipa namba yako, uniambie kwa kila nakala shilingi mia tatu zako, mia mbili zangu, nitabandika posta yako mlangoni kama zamani na nitakuwa wa kwanza kumfukuza anayeuza ya wizi pale jirani. Wapo watakaokudanganya hesabu, sikatai. Ila leo unapata sifuri kwangu, na sifuri kwa jirani.

Nasikia lile kundi linarudi Rungwe kupiga sehemu ya pili mvua zikikatika. Nimempelekea bibi habari Jumapili. Amesema jogoo yupo na ungo upo, ila safari hii wapige na kichwa.

Muuza muvi,
Mwanjelwa, Mbeya.